Hesabuni kona ya picha kwanza

Wadogo zangu mlioanza uzamili mwaka huu, juzi nimeletewa grafu ya tatu muhula huu inayodai kwamba galaksi fulani duaradufu kibete katika kundi la galaksi la Virgo ina mafungunyota tufe (mikusanyiko ya nyota nyingi yenye umbo la mpira) mengi kupita kiasi, nami nimelazimika kuuliza swali lile lile: mandharinyuma, yaani idadi ya vitone visivyo vya galaksi hiyo ambayo lazima itolewe, umeyatoa wapi? Nawapenda, na ndiyo maana nimechoka kuwaona mkitumbukia katika shimo nililolitoka mimi.

1. Pakueni data mapema na mhifadhi nakala mbili, kwa sababu umeme wa Nairobi haukatiki kwa ratiba yenu.

2. Andikeni juu ya kila safu ya jedwali kama magnitudi (vipimo vya mwangaza) ni za mfumo wa Vega au wa AB, na kama zimesahihishwa kwa vumbi la Njia Nyeupe.

3. Mandharinyuma. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa picha ya darubini ya Hubble ya kibete chenye magnitudi halisi ya −16, kilicho upande wa Virgo unaotawaliwa na galaksi kubwa M87. Kwa umbali ule, takribani miaka nuru milioni 54, nusukipenyo cha fungunyota cha paseki 3 (miaka nuru kama 10) hakifikii upana wa pikseli moja ya ACS, kamera ya Hubble, kwa hiyo fungunyota huonekana kama kitone, na kitone hakisemi ni cha nani. Nilichuja kwa rangi na mwangaza, nikachora duara jekundu kuzunguka galaksi, nikahesabu vitone 41, kisha nikatoa vitatu nilivyokadiria kutoka picha ya anga tupu iliyo mbali kabisa na Virgo. S_N, yaani idadi ya mafungunyota ikilinganishwa na mwangaza wa galaksi, ikatoka 15. Kwa majuma sita niliandika sura nzima nikieleza jinsi kibete kile kilivyozaa mafungunyota kuliko wenzake.

Msimamizi wangu hakubishana nami. Aliichapisha picha, akaiweka mezani, akaifunika galaksi kwa kiganja, akasema, “Sasa nihesabie kona hii.” Kona ya juu kulia ilijaa vitone, na ile ya chini kushoto ilikuwa karibu tupu. Vitone havikuwa vikiongezeka kuelekea galaksi yangu. Vilikuwa vikiongezeka kuelekea M87, ambayo ina mafungunyota zaidi ya 10,000, yaliyotawanyika mbali kiasi cha kuwafunika majirani wadogo. Nilikuwa nimehesabu mbuzi wa tajiri waliokuwa wakipita shambani kwangu. Nilipohesabu eneo lenye ukubwa uleule ndani ya picha ileile, kwa umbali uleule kutoka M87, nilipata 34. Yakabaki saba, na ukingo wa kosa wa kitakwimu wa tisa hivi juu au chini, maana yake hata sifuri lilikuwa jibu halali. Kuifuta sura kuliniuma, lakini kuliniuma zaidi kuwaendea wenzangu wawili ambao tayari walikuwa wameitumia ile 15 katika kazi zao, nikiwaomba waitoe.

4. Kiini cha kibete, yaani lile fungu la nyota lililosongamana katikati yake, msikihesabu pamoja na mafungunyota. Yawezekana kiini hicho kilijengwa na mafungunyota yaliyozama katikati kwa msuguano wa mvutano, lakini hilo ni swali la kuchunguza, halihusiani na kuhesabu. Kumbukeni fungunyota M54: mwanafalaki Messier aliliona mwaka 1778, likahesabiwa miongoni mwa mafungunyota yetu hadi galaksi kibete ya Sagittarius ilipogunduliwa mwaka 1994, ndipo likaonekana limekaa katikati yake.

5. Msichanganye majina: galaksi kibete ya Fornax ni jirani yetu wa miaka nuru kama 460,000. Kundi la galaksi la Fornax liko miaka nuru zaidi ya milioni 60. Mwaka jana mmoja wenu alitumia umbali wa kwanza kwa data za pili, na mafungunyota yake yakatoka hafifu kuliko nyota moja angavu.

Mwenye grafu ya juzi, njoo Jumatatu saa tatu na picha nzima, usije na kipande ulichokikata kuzunguka galaksi. Kalamu nyekundu ninayo.