Jibu: Nyumba ya kale Savannah, ukiwa na mama
Dada, umeuliza kama nyumba ya kale iliyokarabatiwa Savannah, mji wa jimbo la Georgia, Marekani, itamfaa mama anayeumwa magoti. Itamfaa, ila kabla hujalipa muulize mwenye nyumba ngazi za nje ni ngapi. Nyingi pale sebule iko juu na ngazi za mbele ni kali mno. Chukua ya chini, usawa wa barabara.

Sisi tulilala kwenye moja ya hizo. Ukuta wa chumbani umeachwa wazi, matofali ya kijivu yenye rangi ya waridi kwa mbali, makwaruzo, kingo zilizolika. Matofali ya aina hiyo yalifyatuliwa na watumwa kwenye shamba la Hermitage, karibu na mji huo. Nilipoweka kiganja pale, usingizi ulichelewa.

Jumapili mpeleke mama First African Baptist, kanisa lililojengwa na watumwa. Mji ni tambarare kutembea, na viwanja vyenye miti vina mabenchi ya kupumzikia.