Jibu: Rangi kubanduka kwa askari wa 1/72 (mandhari ya Longido)

Mkuu, umeuliza kwa nini rangi inabanduka kwenye bunduki za askari wako wa plastiki (sanamu ndogo za kipimo cha 1/72, yaani mara 72 ndogo kuliko mtu halisi), na kwa nini nyuso zao zinaishia kuwa za kijivu.

Bunduki kwanza. Plastiki laini hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, tena hupindapinda. Osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki, acha zikauke usiku kucha. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ikikauka hupinda pamoja na plastiki. Juu yake paka rangi ya akriliki (rangi ya maji), tabaka mbili nyepesi. Praima (rangi ya msingi) ya magari ya kupuliza achana nayo, kwenye plastiki hiyo mara nyingine hubaki inanata.

Nyuso zinapauka kwa sababu unang'arisha kwa nyeupe. Anza na kahawia iliyokolea, halafu ichanganye na tone la rangi ya chungwa, gusa pua, mashavu na kidevu tu. Macho usichore: kichwa chenyewe ni milimita 3 hivi, kivuli kinatosha kabisa.

Kwa kuwa mandhari yako ni ya mapigano ya Longido, kaskazini mwa Tanzania ya leo, Novemba 1914, askari wa upande wa Wajerumani wape kofia ya kaki yenye kitambaa cha kufunika shingo. Udongo wa kuweka chini ya askari kwenye mandhari uchekeche kwa soksi ya nailoni, la sivyo chembe zitaonekana mawe.

Vanishi isiyong'aa usiipulize masika hapo Arusha, unyevu huiachia ukungu mweupe. Ipake kwa brashi.