Sahani moja na mume wangu, mbona nanenepa mimi tu?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 48, nipo Mbagala. Tangu mwaka jana hedhi inakuja inaruka, usiku napata joto mpaka natupa shuka, na tumbo limetoka kweli wakati zamani nilikuwa mtu wa mapaja na nyonga tu. Na mume wangu tunapika chungu kimoja, ugali dagaa, wali maharage, tena yeye ndo anaongeza sahani ya pili lakini yuko vilevile, sasa anasema nakula kwa kujificha. Jirani ananiambia metaboli yangu, yaani mwili kuchoma kalori, imekufa ninywe maji ya ndimu asubuhi. Nisaidie, inaniuma.

JIBU: Mama, pole sana, na naomba jibu hili umsomee na mzee. Hujajificha popote. Mwanaume na mwanamke hata wakiwa na kilo sawa, ndani hawafanani, yeye ana misuli mingi wewe una mafuta mengi, na ndivyo mwili wa kike ulivyo, ni akiba ya mimba na kunyonyesha. Misuli inachoma kalori nyingi kuliko mafuta hata mtu akiwa amelala, kwa hiyo mzee akikaa tu kwenye kochi anaangalia mpira kwa kawaida anatumia zaidi yako. Chungu ni kimoja ila mahitaji hayalingani.

Halafu kuna estrojeni. Hiyo ndo homoni iliyokuwa inapeleka mafuta nyongani na mapajani miaka yote, sasa unaelekea kukoma hedhi inashuka, na mafuta yanahamia tumboni, mengine yanaingia ndani kabisa kuzunguka ini na utumbo, ndo maana unaweza kupanda mzani ukakuta kilo hazijaongezeka sana lakini sketi ya mwaka juzi haifungi. Hayo ya ndani ndo yananipa wasiwasi, si muonekano wako, kwa sababu yanafanya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ishindwe kazi vizuri na hapo sukari na presha zinanyemelea. Na lile joto la usiku lisichukulie poa, usingizi ukikatika ghrelini inayoleta njaa inaweza kupanda na leptini inayouambia ubongo umeshiba ikashuka, mchana unajikuta unatafuta chapati na chai ya sukari nyingi wakati shida ni kwamba hukulala.

Metaboli kufa, hapana. Mwaka 2021 watafiti walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakakuta ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, uchomaji unakaa palepale kuanzia miaka 20 mpaka 60, kwa wanawake na wanaume. Na ndugu zetu Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi, mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima wakatoa matokeo 2012 kwamba kwa siku hawachomi kalori zaidi ya Wamarekani wa ofisini wenye mwili kama wao. Mazoezi fanya, yanalinda moyo na misuli, ila tumbo usitegemee mazoezi peke yake, anzia jikoni.

Jikoni kwako naomba uangalie mkono unaomimina mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori kama 120, na mchuzi wa kwetu unamiminwa kwa dumu bila kipimo, kwa hiyo pima kwa kijiko. Ugali punguza kidogo, maharage, dagaa na mchicha ongeza. Usijinyime mpaka usiku maana misuli ndo itaisha na ndo unayoihitaji, beba ndoo, inuka kwenye kiti bila kushika mara kadhaa kila siku. Ndimu haichomi mafuta. Nenda hospitali wapime sukari, presha na tezi ya shingo, maana tezi ikilegea nayo inaleta uzito, uchovu na choo kigumu. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno, kwa mwanamke ukizidi sentimita 80 ni onyo, kwa mwanaume 94. Mzee naye apimwe, wanaume mafuta yao huwa yanakimbilia tumboni moja kwa moja, shati kubwa linaficha mengi.

SWALI: Dokta, nina miaka 26, nipo Mwanza, nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ni kweli inanenepesha au maneno ya watu?

JIBU: Dada, kwa sindano hiyo ni kweli kwa baadhi, si wote. Homoni iliyomo wengine inawaongezea hamu ya kula, na wale wanaoongezeka haraka miezi sita ya mwanzo ndo mara nyingi wanaendelea kuongezeka. Kwa hiyo kila ukienda kuchoma, waambie wakupime uzito na uandike. Ukiona unapanda kila safari usiache kimyakimya ukaja kupata mimba hujajipanga, mwambie nesi mbadilishe njia, kitanzi cha madini ya shaba hakina homoni kabisa, ila kwa baadhi kinaongeza damu ya hedhi, kwa hiyo kama hedhi yako ni nzito mweleze kabla hajakuwekea.