Kabla Hujanunua Betri, Pitisha Ukucha kwenye Panga

Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka kile kiza cha miezi mitatu bila umeme. Mie tangu hapo niliapa kuwa na umeme wangu, na baadaye nikasimamisha mtambo mdogo wa upepo nyuma ya nyumba, Jambiani: mapanga matatu ya faiba (yale mabawa yanayozungushwa na upepo), kila moja mita moja.

Mwaka wa tatu taa zikaanza kuzimika kabla ya alfajiri. Kusi likivuma kwelikweli ampia, yaani umeme unaoingia betrini, zinapanda kama zamani. Miezi ya malelezi, upepo wa wastani, zinasuasua. Nikazilaumu betri. Nikakopa, nikanunua mbili mpya. Wapi!

Ami yangu ni fundi wa maboti ya faiba. Tulifunga mapanga kwa kamba, tukalaza mlingoti, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele, ule unaokata upepo. Akacheka. "Ulitaka taa, basi hii ndiyo taa." Kweli, ngozi ya samaki taa mtupu, ile ya kusugulia mbao. Karibu na shina panga bado laini. Kadiri unavyokwenda nchani vishimo vinazidi, rangi imekwisha, nyuzi za faiba ziko nje.

Ncha ndiyo inayokwenda mbio. Panga la mita moja likizunguka mara 500 kwa dakika, ncha yake inakata kilomita kama 190 kwa saa. Kwa mwendo huo tone la mvua ya masika ni kokoto, na mchanga wa pwani ni msasa. Ukingo ukiparuza, hewa iliyotakiwa kuteleza juu ya mgongo wa panga inachafuka mapema: nguvu ya kulisukuma inapungua, ukinzani unaongezeka. Upepo mkali unakuficha, maana mtambo unafika kikomo chake hata hivyo. Hasara iko kwenye upepo wa kawaida, na huo ndio tulio nao siku nyingi.

Osha chumvi kwa maji baridi, siyo ya bahari, acha panga likauke hasa, piga msasa (ziba pua, vumbi la faiba baya), jaza vishimo kwa epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu), kisha rangi ngumu ya maboti. Usiligeuze umbo, ukingo ulioviringana usiufanye bapa. Utepe wa plastiki wa kufunika ukingo nami niliujaribu, ukabanduka upande mmoja ukawa unapiga mluzi usiku kucha.

Kosa langu kubwa: nilitengeneza lile panga bovu kuliko yote, nikayaacha mawili. Mtambo ukatetemeka mpaka nati zikalegea. Epoksi ina uzito, tena ikiwa nchani. Tengeneza yote matatu, yapime kwenye mizani, halafu zungusha kwa mkono uone kama kuna moja linaloshuka chini kila mara.

Betri moja mpya nilimpa ami kwa taa za boti yake. Pesa alikataa.