Jibu: Jirani anataka kuingiza boriti kwenye ukuta wetu wa pamoja

Ndugu, umeuliza kama jirani anaweza kutoboa ukuta mnaochangia aingize boriti ya chuma, maadamu anatoboa "upande wake" tu. Ukuta huo umebeba nyumba zote mbili, kwa hiyo akiugusa kwake ameugusa na kwako. Akishabomoa ukuta wa ndani ya nyumba yake, ambao boriti hiyo inachukua nafasi yake, uzito wa ghorofa ya juu uliokuwa umetandazwa unakuja kutua kwenye matofali machache tu, pale ncha ya boriti inapokalia. Ndiyo maana chini ya ncha huwekwa kipande cha zege cha kusambaza mzigo. Kikikosekana, tofali linaweza kusagika, na ufa ukatokea sebuleni kwako, ukipanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali.

Omba mchoro na hesabu za mhandisi kabla nyundo haijapigwa. Neno la fundi pekee, hata awe hodari vipi, halitoshi. Leo hii piga picha kuta zako zote, na pembeni ya kila ufa uliopo weka rula. Mwandikiane pia nani atagharamia madhara.

Uliza na kina cha tundu. Boriti isivuke katikati ya ukuta, maana siku moja nawe utataka kuweka yako.