Sigara Mbili za Baada ya Magharibi

SWALI: Mimi ni fundi wa majahazi Matondoni, Lamu, mwenye umri wa miaka 46, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikivuta paketi moja ya sigara kwa siku. Mpwa wangu aliniletea kutoka Mombasa sigara ndogo ya umeme pamoja na chupa ya maji yake iliyoandikwa 3 mg/ml, yaani miligramu 3 za nikotini katika kila mililita. Kila nikiiweka chini nyundo ya kukalafati huivuta, chupa haikawii kwisha, na bado ikifika magharibi namtuma mtoto dukani sigara mbili. Je, nikiongeza nguvu ya nikotini sitajizidishia sumu?

JIBU: Ndugu fundi, maji yako ni hafifu mno. Sigara moja huingiza mwilini takriban miligramu 1 ya nikotini, na pengine zaidi kidogo, kwa hiyo paketi ya sigara 20 imekuzoesha miligramu 20 au zaidi kwa siku. Ilhali hata ukimaliza mililita 5 za maji hayo, ndani yake mna miligramu 15 tu, wala si zote zifikazo damuni. Mwili uliopunjwa hudai: mvutaji huvuta mara nyingi zaidi na kwa pumzi ndefu, akimeza mvuke mwingi bila kukata kiu, kisha hurudia sigara. Nguvu ya 3 hufaa zaidi vifaa vikubwa vitoavyo mvuke mwingi.

Nikotini ndiyo iliyokufunga, lakini saratani na maradhi ya mapafu hutokana hasa na moshi wa tumbaku inayoungua, kwa hiyo hizo sigara mbili zinanitia wasiwasi kuliko chupa. Jaribu nguvu ya 10 au 12, na isipotosha, usivuke 20, ambacho ndicho kikomo cha sheria katika Umoja wa Ulaya. Vuta pafu fupi, na ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au moyo kwenda mbio, pumzika kisha ushuke. Kupunguza nguvu kungoje mpaka sigara zikatike kabisa. Wengi hukimbilia kupunguza mapema, nao ndio warudio dukani.

Sisemi kwamba mvuke huo hauna madhara, na asiyevuta asiuguse. Ikiwa una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, muone daktari kwanza, na umuulize pia kuhusu vibandiko na chingamu za nikotini, ambazo zimechunguzwa kwa miaka mingi zaidi. Chupa yenyewe ifungie kabatini, kwa maana maji yanukiayo embe humvutia mtoto, na funda moja la maji makali laweza kumuua. Na huyo unayemtuma dukani, usimtume tena.