Kabla ya Kuacha Ajira, Jifunze Kudai Fedha Yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma, aliyehitimu sayansi ya kompyuta, aliniandikia akiomba ushauri: aajiriwe au ajitegemee? Kampuni moja ya Dar es Salaam imempa ajira ya kudumu ya kutengeneza programu, na wakati huohuo anao wateja wawili ambao, kazi ikiwapo, humlipa kuliko mshahara huo. Namjibu hapa, kwa kuwa najua wako wengi wenye swali hilohilo.

Mdogo wangu, chukua ajira kwanza. Usilinganishe mshahara na ankara kana kwamba ni fedha za aina moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na anayejifungua hupata siku 84. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake huitoa mwajiri. Ukijitegemea, likizo ni siku usizolipwa, na akiba ya uzeeni hutoka mfukoni mwako yote, kama utakumbuka kuiweka.

Hata hivyo, kilichonifundisha zaidi ni deni. Nilipoanza kujitegemea, nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi mfumo wa kusimamia ghala, kwa makubaliano kwamba sehemu kubwa ya malipo ingetolewa baada ya kuukabidhi. Niliukabidhi ukiwa unafanya kazi bila dosari. Kuanzia hapo nikawa naambiwa bosi amesafiri, mara mhasibu anauguliwa, mara nivute subira hadi mwisho wa mwezi. Siku niliyokwenda mwenyewe kudai, nilimkuta mtunza ghala akichapa hati za kutolea mzigo, moja baada ya nyingine, kwa mfumo uleule ambao tajiri wake alisema bado anaukagua. Salio lile sijalipwa mpaka leo, na nikipita mtaa ule moyo bado unaniuma.

Mwajiriwa anayenyimwa mshahara anaweza kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo kazi yake ni migogoro ya kazi. Mimi sikuwa mwajiriwa wa mtu. Njia yangu ilikuwa kufungua madai mahakamani kama mfanyabiashara yeyote anayedai deni, na gharama na muda wa kufuatilia vingekula sehemu nzuri ya fedha yenyewe. Vijana wengi wenye kipaji cha kuandika programu hawalifikirii jambo hili, kwa sababu chuoni hatukufundishwa kudai.

Leo naishi kwa kazi za kujitegemea, nasomesha watoto kwa kazi hizo, na ninajivunia. Siandiki hata mstari mmoja kabla malipo ya awali hayajaingia benki. Mfumo hukaa kwenye seva yangu hadi salio lilipwe, na mkataba unasema hivyo waziwazi. Mwezi uliopita taasisi moja ilinitaka nianze kazi kwa ahadi. Nilikataa kwa heshima, na baada ya siku chache wakalipa. Ujasiri huo niliupata nikiwa na akiba ya miezi kadhaa, maana mwenye njaa husaini chochote anachowekewa mbele. Basi weka akiba, andika mkataba, dai malipo ya awali; tena nasema, andika mkataba, hata mteja akiwa mjomba wako.

Kuhusu wale wateja wako wawili, usiwaache, ila kabla hujasaini ajira soma vifungu vinavyohusu kazi za nje na umiliki wa programu. Ipo mikataba inayodai kila utakachokitengeneza ukiwa mwajiriwa, hata ukikitengeneza usiku nyumbani kwa kompyuta yako. Omba kazi za wateja hao ziorodheshwe kwa maandishi kuwa haziihusu kampuni, na uombe sasa, wakati kampuni bado inakuhitaji na hujaweka saini.